Moto Usio na Saa

Pikipiki hupiga spaki kwa wakati uliopangwa. Cox Babe Bee, injini ya ndege za kuchezea iliyotoka California miaka ya 1950, haina spaki. Ujazo wake ni cc 0.8 tu, inatosha kiganjani. Juu ya silinda kuna koili ndogo yenye platini. Unaipa umeme wa volti 1.5 injini iwake, kisha unachomoa waya. Mvuke wa methanoli ukiigusa platini hutoa joto, mgandamizo unaongeza lake, na koili haizimiki tena.

Ndiyo maana anayetaka kuiongezea nguvu asikimbilie tupa. Kila anachogusa, iwe mafuta, hedi au propela, kinasogeza wakati wa moto kushika, apende asipende.

Chukua nitromethani inayochanganywa na methanoli. Gramu 1 ya methanoli huhitaji takriban gramu 6.4 za hewa ili iungue yote. Nitromethani huhitaji 1.7 tu, kwa kuwa ina oksijeni yake mwilini. Kwa pumzi ile ile, injini inakula mafuta mengi zaidi. Lakini moto nao unawahi. Usipopunguza mgandamizo, pistoni inapokelewa na mlipuko kabla haijamaliza kupanda: injini inalia kama mafuta yanayokaangwa, inachoka ikishapata moto, na koili inakatika. Dawa ni gasketi ya shaba, nyembamba kama karatasi, inayokaa chini ya hedi. Ongeza moja, jaribu. Mgandamizo ukipungua kupita kiasi utajua papo hapo: ukichomoa waya wa betri, mlio unashuka. Kipimo hicho hakina gharama, nami nakiamini kuliko sikio la fundi yeyote.

Oili usiibane. Pistoni ya chuma inasugua silinda ya chuma bila ringi, na konrodi imeshikwa ndani ya pistoni kwa kigololi. Asilimia 20 ya oili, angalau nusu yake mafuta ya nyonyo, ndiyo uhai wake. Nyonyo huganda na kuacha utando wa kahawia. Bora utando kuliko kigololi kinachocheza.

Kuchonga mifereji ya ndani ya silinda kwa mkono ni kazi ninayoiogopa. Silinda hii imebana kidogo juu kuliko chini, na mkwaruzo mmoja unatosha kuiua. Silinda ya Black Widow, injini nyingine ya Cox, yenye mifereji miwili, inafungwa mahali pale pale, nunua hiyo. Baadhi ya silinda huacha upenyo chini ya pistoni inapofika juu, hewa ikaingia kupitia tundu la eksozi. Faida kubwa, ila ukifunga kizuia kelele, kinachovutwa humo ni moshi.

Halafu propela. Nguvu inayohitaji hupanda kwa mchemraba wa kasi: kutoka mizunguko 15,000 kwa dakika hadi 16,500, asilimia 10 tu, unahitaji theluthi nzima ya nguvu zaidi. Kwa hiyo mizunguko 500 kwenye kipimo si haba. Ila pima kwa propela ile ile, mafuta ya chupa ile ile, injini ikiwa imepata moto na waya wa betri umeshachomolewa.