Malengelenge ya Midomo: Dawa za Nyumbani, na Hatari Yake kwa Mtoto Mchanga

Baridi ya Juni na Julai ikishika Kinangop, Ol Kalou na Molo, mkulima huamka alfajiri kwenda kukamua, naye akipitisha ulimi mdomoni husikia mahali pamoja panawasha na kuchoma kidogo. Akitazama katika kioo haoni kitu. Kesho yake pametokea malengelenge madogo madogo yaliyosongamana, yenye maji ndani. Baada ya siku mbili tatu hupasuka, yakatoa majimaji, kisha yakafanya kigaga. Tangu kuanza mpaka kigaga kuanguka ni siku 7 hadi 10, na ngozi hurudi kama ilivyokuwa.

Ndugu mkulima, pengine wewe mwenyewe umepata kuugua hivi. Watu wengi husema ni homa inatoka kwa njia ya mdomo. Wengine husema ni buibui aliyepita usoni usiku. Wako pia wenye ng'ombe wa gredi wanaouliza kama wameshikwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Sivyo. Ugonjwa ule ni wa ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, na una kirusi chake mbali. Hata vigaga vya midomo ya wana-kondoo ni kitu kingine, ingawa hivyo vyaweza kumpa mtu kidonda kwenye vidole akiwashika ovyo.

Malengelenge haya ya binadamu huletwa na kirusi ambacho madaktari hukiita herpesi. Wengi wetu tulikipata tukiwa watoto, kwa kubusiwa na mtu mzima mwenye kidonda au kwa mate yake. Kikishaingia hakitoki tena. Hujificha katika mshipa wa fahamu wa uso, kikalala huko miezi au miaka bila kumdhuru mtu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wanacho. Kwa hiyo mtu mwenye malengelenge asionewe haya, wala asidhaniwe kuwa ana tabia mbaya.

Kirusi hiki huamka mwili unaposumbuka: kwa homa, mafua, uchovu wa kazi nyingi, wasiwasi, na kwa wanawake wengine siku za hedhi. Jua nalo huamsha sana. Watu wa nyanda za juu hudhani kwamba kwa kuwa kuna baridi, jua halichomi. Lakini kadiri shamba lilivyo juu ndivyo miale ya jua inavyozidi ukali, hata siku ya upepo baridi. Mtu ambaye midomo yake hutoka malengelenge mara kwa mara, avae kofia yenye ukingo mpana anapovuna viazi au pareto. Akiweza kupata mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, ayapake kabla ya kwenda shambani.

Sasa yafaa kusema juu ya lile neno la "homa inatoka." Ni kweli malaria huweza kuleta malengelenge haya, kwa sababu homa yo yote kali huweza kukiamsha kirusi. Lakini kutokea kwake si alama ya kuwa malaria imekwisha. Mkulima wa Mwea au Muhoroni ambaye mwili unamtetemeka na kichwa kinamwuma, akiona midomo imetoka malengelenge akasema "sasa nimepona," huenda akalala na malaria ikampanda. Kidonda cha mdomo kitapona chenyewe. Malaria haitaki kungojewa. Nenda dispensari ukapimwe damu.

Kwa kidonda chenyewe, dawa nyingi zinazofaa ziko nyumbani mwako. Mara tu unaposikia kuwasha, chovya kitambaa safi katika maji baridi ukibandike mdomoni kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Hupunguza uvimbe na maumivu. Malengelenge yakipasuka, chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi moja, uoshe kidonda polepole asubuhi na jioni. Kikianza kukauka, paka mafuta mepesi kama Vaseline ili kigaga kisipasuke unapokula au kucheka. Usitie kidole chenye dawa mara mbili katika kopo moja ambalo nyumba nzima hutumia. Chota kidogo kwa kijiko safi uweke kando. Na yale mafuta ya kukamulia ni ya chuchu za ng'ombe, yaache zizini. Maumivu yakizidi, meza parasetamoli kama maagizo ya pakiti yasemavyo.

Asali nayo ina sifa yake. Huko New Zealand watu wazima 952 walijaribiwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019: waliopakwa asali iliyosafishwa kwa kazi ya hospitali walipona kwa muda wa siku 9, na waliopakwa dawa ya asiklovia siku 8. Hakukuwa na tofauti ya maana. Asali ya mzinga wako si ile ile iliyojaribiwa, lakini mtu mzima akipaka kidogo iliyo safi haitamdhuru. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, wala ya kupaka mdomoni, kwa maana huweza kumletea ugonjwa mkali wa sumu. Utomvu wa mshubiri hupoza, na watu wengi wanaupenda. Lakini hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba unaharakisha kupona.

Yako mambo ya kuacha. Maji ya ndimu, dawa ya meno na tumbako huchoma tu ngozi iliyokwisha kuumia. Maji ya betri, mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea ng'ombe ni sumu, visisogee karibu na mdomo. Usitoboe malengelenge kwa sindano wala kubandua kigaga kwa kucha. Na jihadhari na zile krimu za dukani ambazo watu hupaka kwa kila upele na kwa kung'arisha uso. Nyingi zina dawa ya namna ya betamethasoni, ambayo hudhoofisha kinga ya ngozi; ukiipaka juu ya kidonda hiki, kirusi kitastawi.

Dawa ya duka la madawa iliyo ya kweli ni asiklovia. Katika kazi iliyozaa dawa hiyo alikuwamo mwanasayansi wa Marekani, Bi Gertrude Elion, ambaye mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Krimu yake hupakwa mara 5 kwa siku kwa muda wa siku 4 au 5. Inasaidia ikianza kupakwa wakati wa kuwasha, kabla malengelenge hayajatokea. Ukienda kununua kigaga kimekwisha kukauka, umetupa fedha zako. Vidonge vyake vina nguvu zaidi, lakini hivyo muulize daktari.

Kwako mtu mzima, basi, ni kero ya wiki moja. Kwa mtoto aliyezaliwa juzi ni jambo jingine kabisa. Mtoto wa chini ya wiki 4 hana nguvu ya kupigana na kirusi hiki. Kikimwingia chaweza kufika katika ini na ubongo, kikamwua kwa siku chache au kumwacha na ulemavu. Na kwetu mtoto akizaliwa, majirani hujaa nyumbani: kila mtu ampakate, kila mtu ambusu. Mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto, hata akiwa nyanya yake. Mwambie kwa heshima kwamba utamletea mtoto akiisha kupona. Hataudhika akielezwa sababu, na kama akiudhika ni heri hivyo kuliko msiba.

Mama mwenyewe akitokwa na malengelenge asiache kunyonyesha. Maziwa hayana kosa. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, afunike mdomo kwa kitambaa safi, na asimbusu mpaka kigaga kianguke na ngozi ipone. Lakini kidonda kikiwa kwenye titi, asinyonyeshe upande huo, aende akaonwe upesi. Mtoto mchanga akikataa titi, akilegea, akiwa na joto jingi au baridi isiyo ya kawaida, akishikwa na degedege au akitoka malengelenge popote mwilini, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Usingoje malengelenge yaonekane, maana mara nyingine hayatokei kabisa. Mweleze daktari kama kuna mtu mwenye kidonda aliyemkaribia.

Mtoto mkubwa kidogo, wa mwaka mmoja hadi mitano, akipata kirusi hiki kwa mara ya kwanza huenda akajaa vidonda kinywani na kwenye fizi, akatokwa na udenda na kukataa chakula. Mpe maziwa, maji na uji uliopoa, kidogo kidogo mara nyingi. Hatari yake ni kukaukiwa na maji. Akikaa nusu siku bila kukojoa, au macho yakiingia ndani, usiendelee kumwuguza nyumbani.

Macho pia yalindwe. Usiguse kidonda kisha ukasugua jicho, kwani kirusi kikiingia humo huweza kuharibu kioo cha jicho. Jicho likiwa jekundu, likiuma na kuchukia mwanga wakati una malengelenge, nenda kwa daktari wa macho, wala usitie matone yaliyobaki ya mtu mwingine.

Kidonda kisichopona baada ya siku 10 kionyeshwe dispensari. Kikimaliza mwezi mzima kikiwa kibichi, au kikienea uso, huenda kinga ya mwili imepungua, na mganga atataka kupima Ukimwi. Kubali upimwe, katika hospitali za serikali kipimo hicho ni bure, na dawa zipo.