Je, Wajua? Singida ya Milimita Moja

Wengi wakiona tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita saba na nusu hudhani ni la kuchezea watoto. Wanalionea. Tangu Joseph Moxon alipoanza kuyauza London miaka ya 1670, matufe ya mfukoni yalikuwa mali ya wenye fedha zao.

Kwa ukubwa huo, milimita moja hubeba takriban kilomita 170. Mkoa wa Singida, wenye karibu kilomita za mraba 49,000, hupata milimita moja na ushee: kichwa cha pini huufunika kuanzia Iramba hadi Manyoni.

Ufundi wenyewe uko kwenye gundi. Ramani ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikachapwa katika vipande vyembamba, aghalabu 12, vilivyochongoka ncha zote mbili, kisha vikabandikwa juu ya mpira wa karatasi uliopakwa plasta. Lakini karatasi ikilowa hutanuka, tena hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Fundi asiyelipigia hesabu hilo kabla ya kuchonga, vipande vyake hupandana au huacha mwanya. Mwanya wa nusu milimita humeza kilomita 85! Ndiyo maana mkusanyaji makini hukagua maungio kabla ya kuuliza bei.

Kibweta cha tufe, mara nyingi cha ngozi ya samaki, kilibandikwa nyota kwa ndani. Ni sawa kabisa, kwani sisi huitazama mbingu tukiwa ndani yake.

Umri husomwa kwenye ramani. Tasmania ikiwa imeungana na Australia, ramani hiyo haijapata habari za safari ya mabaharia Bass na Flinders ya 1798 na 1799, iliyoonyesha kuwa ni kisiwa. Kwetu, tazama bara. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walikatiza Mgunda Mkali, pande za Manyoni, mwaka 1857. Msafiri mwingine, Stanley, akapigana na Wanyaturu huko Ituru, Singida, Januari 1875. Kabla yao pwani ilijaa majina, Kilwa, Mombasa, Zanzibar, huku ndani kukiwa kutupu au kumejazwa kwa kubahatisha. Waliokuwa wakiishi huko hawakuulizwa.

Matumizi? Kufundishia watoto wa matajiri, zawadi, pambo, kujigamba.

Vienna ina makumbusho mazima ya matufe. Sisi huyaacha ya shule yaoze stoo, kisha tunayachoma na takataka. Mwalimu, ukikuta lililoandikwa Tanganyika au Zaire, usilitupe: andika jina la mtengenezaji, lifute kwa kitambaa kikavu, maana maji hubandua karatasi, na uliweke mbali na jua.