Watoto wa Buigiri Wanahitaji Macho Yetu

Mashariki ya mji wa Dodoma, upande wa barabara ya Morogoro, ipo shule ya bweni ya watoto wasioona ya Buigiri. Ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950.

Watoto wasioona husoma kwa vidole. Maandishi yao huitwa nukta nundu. Kila herufi hutokana na nafasi sita za nukta zilizoinuka juu ya karatasi: A ni nukta moja, B ni mbili. Aliyeyatunga ni Mfaransa Louis Braille, naye hakuona.

Lakini vitabu hivyo ni vinene, tena ghali. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa kuwasomea.

Wapo wageni wa ng'ambo wanaojitolea katika shule zetu. Tunawashukuru. Ila mtoto akishamzoea mgeni, mgeni kaondoka. Sisi tupo hapa hapa, na Kiswahili ni chetu.

Ndugu msomaji, sisi tuliosoma ukubwani tunajua ilivyo kushika barua usiyoweza kuisoma. Basi tumwone mwalimu mkuu, tupange siku, tukawasomee watoto polepole. Tukiahidi, twende. Na mwenye mtoto asiyeona asimfiche ndani. Ampeleke shule.