Tenga la Nyanya la Lushoto na Elimu ya Kaboni

Mkulima wa Lushoto huamka alfajiri akachuma nyanya na mapeasi, akayapanga katika matenga, na lori likateremka kona baada ya kona hadi Mombo. Hapo ndipo safari ndefu huanza: kwenda Tanga, kwenda Dar es Salaam, na kwa sisi wa visiwani, kuvuka bahari pia. Lakini tunda moja lililowahi kuiva likiwamo ndani ya tenga, huyaharibu mengine njiani. Hasara humwangukia mkulima, na ughali humwangukia mlaji.

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Sayansi imetufunulia sababu kwa upande wa matunda. Tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini, nayo huyahimiza matunda jirani yaive. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, wakiongozwa na Timothy Swager, walitangaza kihisio kinachoitambua ethilini hata ikiwa nusu sehemu tu katika sehemu milioni za hewa. Kifaa hicho kimeundwa kwa mirija ya kaboni iliyotiwa shaba. Ethilini hunasa kwenye shaba, mwendo wa umeme hupungua, na mwenye ghala akajua tunda gani litangulie sokoni.

Mirija hiyo ilielezwa na Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Iliyo myembamba kabisa ina upana wa nanomita moja hivi, yaani milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Mwaka 2019, katika taasisi hiyohiyo ya Massachusetts, iliundwa akili ya kompyuta yenye transista zaidi ya 14,000 za mirija hiyo.

Pengine msomaji atauliza: haya yatuhusu nini? Milima ya Usambara yenyewe inajibu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka huku. Ua hilo likapewa jina lake, likatajirisha wauza maua wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1902 Wajerumani wakajenga Amani taasisi kubwa ya utafiti wa mimea, nayo ikatumikia mashamba ya walowezi. Elimu ilikuwapo milimani petu. Faida haikuwa yetu.

Leo hatuna udhuru. Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitunukiwa tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio lake la maji lililobuniwa kwa elimu hiyo ya vitu vidogo mno. Vijana wetu wanaweza.

Basi ndugu zetu maofisa wa kilimo na biashara, Bara na Visiwani, hawana budi kushirikiana na maabara zetu, wakijaribu vihisio hivyo kwanza katika maghala ya Lushoto, kisha gatini. Utafiti utapimwa kwa tenga litakalofika Unguja na Pemba likiwa zima.