Vijidudu vya Udongo Chini ya Michikichi

Mtu atokaye Kigoma kwenda Kasulu hupita Kidahwe, na njiani huona michikichi ya kila umri. Mingine ni michanga, makuti yake yagusa ardhi. Mingine imekomaa, nayo imebeba mikungu mizito. Tena iko mizee, mirefu hata mkweaji hana budi kujifunga kamba ndipo afikie mikungu. Mti huu si mgeni kwetu: Mwingereza Richard Burton, alipofika Ujiji mwaka 1858, aliukuta hapa, akaandika habari za mafuta yake. Lakini wengi wetu tukiingia shambani hutazama juu tu, penye mikungu. Leo na tutazame chini.

Chota udongo kidogo chini ya mchikichi mkubwa, uweke kiganjani. Waona mchanga, vipande vya mizizi, na labda siafu mmoja. Usiowaona ni wengi zaidi. Katika gramu moja ya udongo mwema wamo bakteria mamia ya mamilioni, na pengine hupita bilioni moja. Bakteria ni viumbe wadogo mno. Wengi wao, ukiwapanga 1,000 katika mstari mmoja, watatimiza urefu wa milimita moja tu. Hawaonekani ila kwa hadubini. Walakini harufu yao tunaijua sote, kwani ile harufu nzuri ya ardhi mvua ya kwanza inyeshapo hutokana hasa na bakteria wa namna moja wakaao udongoni.

Je, kazi yao ni nini? Kuti likianguka halifai kitu kwa mti, maana mti hauna meno. Mzizi hunywa tu kile kilichoyeyuka katika maji. Basi mchwa na jongoo hulikata kuti vipande vidogo, kuvu hulegeza sehemu zake ngumu, na bakteria huvila vipande hivyo mpaka chumvi zote zilizokuwamo zirudi udongoni. Hapo ndipo mzizi hupata riziki yake. Mchikichi mkubwa hutoa makuti 20 au zaidi kila mwaka, na yote hayo yangelundikana bure kama si wafanyakazi hawa.

Wako na wengine ambao kazi yao ni ya ajabu zaidi. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 hivi ni naitrojeni, nayo ni chakula kikubwa cha mimea. Lakini mmea hauwezi kuitwaa kutoka hewani, kama vile mtu aliye katikati ya Ziwa Tanganyika asivyoweza kumshika samaki bila wavu. Ng'oa mharage unaochanua, taratibu, usikate mizizi. Utaona vinundu vidogo kama punje za mtama. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu-chekundu ndani, bakteria waliomo wako kazini: huitwaa naitrojeni ya hewa na kumpa mharage, naye huwalipa sukari. Wakulima wa kale walijua kwamba nafaka hustawi mahali palipokuwa na kunde, ila sababu hawakuijua. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walionyesha kwamba siri imo katika vinundu, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck aliwatenga bakteria wenyewe na kuwakuza peke yao.

Sasa turudi kwenye umri wa shamba. Shamba la michikichi ya mwaka mmoja au miwili lina jua kali. Miche iko mbali-mbali, na ardhi katikati huwa wazi, hukauka na kupata joto. Bakteria wapendao unyevu hupungua au hulala. Kama shamba lilichomwa moto kabla ya kupandwa, majivu hupunguza ukali wa udongo, bakteria wachache waliosalia huzaana upesi, na mahindi ya mwaka wa kwanza hupendeza macho. Watu husema, "Moto umeleta mbolea." Kwa kweli naitrojeni nyingi iliyokuwa katika majani imekwenda na moshi, na majivu huchukuliwa na mvua. Mwaka wa pili au wa tatu mahindi husema ukweli. Ndiyo sababu mkulima apandaye maharage au karanga kati ya miche yake afanya jambo jema mara mbili: jikoni apata mboga, na ardhi yapata bakteria wa vinundu.

Michikichi ifikapo miaka minane au kumi, makuti yake hukutana juu na kivuli huifunika ardhi. Mizizi imeenea kila upande, nayo hutoa majimaji yenye sukari, na bakteria hukusanyika kuizunguka kama watu kwenye mnada. Maharage hayaoti vizuri tena kivulini, kwa hiyo bakteria wa vinundu hupungua, na walaji wa makuti na mizizi iliyokufa huongezeka. Jamii moja huondoka, nyingine hushika mahali pake. Wataalamu wa siku hizi huweza kuziona jamii hizo hata bila kuzikuza chomboni, kwa kusoma chembe za urithi zilizomo katika udongo. Na hii ni njia bora, maana bakteria wengi wa udongo hukataa kabisa kukua katika chombo.

Lakini tusidhani kwamba umri peke yake hutajirisha ardhi. Shamba la miaka 30 ambalo kila mwaka mikungu yake huchukuliwa, na makapi yake kutupwa mbali au kuchomwa, laweza kuwa na njaa kuliko shamba changa linalolishwa. Bakteria hawaumbi chumvi mpya. Hurudisha zile walizoletewa.

Mfano mzuri uko pwani, Bamburi karibu na Mombasa. Huko machimbo ya mawe ya saruji yaliacha uwanja mweupe wa matumbawe, hapana udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Mivinje ilikubali, kwa kuwa nayo ina bakteria katika vinundu vya mizizi yake, ingawa si wale wa maharage. Majani yake yakaanguka yakakaa tu, mpaka walipoletwa jongoo wa kuyatafuna. Kisha bakteria wakamaliza kazi, na mboji ikaanza kujengeka. Leo pale pana msitu.

Jambo hili latugusa sisi wa Kigoma kwa karibu. Tangu mwaka 2018, Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipoanza kulihimiza zao hili, miche ya mbegu ya tenera, yenye kokwa jembamba na mafuta mengi, imekuwa ikitolewa kwa wingi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kinaizalisha. Mwenye michikichi mizee huikata apande mipya, naye atangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna. Shina lililolala laonekana kama uchafu, na kiberiti ki mfukoni. Mzee mwenye shamba ndiye mwenye uamuzi. Lakini ajue kwamba shina lile ni akiba ya miaka mingi, na likikatwa vipande na kuachwa lioze kati ya miche, bakteria watailipa akiba hiyo polepole katika miaka ileile ya kungoja.

Ninyi wanafunzi mwaweza kuwapima wafanyakazi hawa bila hadubini. Mvua zikianza, chukueni vipande vitatu vya nguo ya pamba tupu, vyenye ukubwa mmoja. Ombeni ruhusa kwa wenye mashamba, kisha fukieni kimoja katika shamba la miche, cha pili chini ya michikichi iliyokomaa, na cha tatu mahali palipochomwa moto. Kina kiwe urefu wa kiganja, na kila mahali wekeni mti wa alama. Baada ya miezi miwili fukueni taratibu, mvioshe na kuvianika pamoja. Andikeni katika daftari umri wa kila shamba, tarehe, na kiasi cha nguo kilicholiwa.