Divai Changa au Mvinyo Mchanga?

Majuzi rafiki yangu aliniomba nimtafsirie maelezo ya kibandiko cha chupa. Chupa yenyewe ilitoka Dodoma, Tanzania, kwa familia inayolima zabibu na kujitengenezea kinywaji. Kiingereza chake kilisifu kileo chekundu, kizuri, chenye umri mdogo. Nami bila kufikiri mara mbili nikaandika: "mvinyo mchanga mwekundu".

Mswada nikaupitisha Kambi Muru, Kibera, kwa mama mmoja Mnubi ambaye sikio lake naliamini kuliko kamusi zangu. Akausoma kwa sauti, kisha akavua miwani.

"Mwalimu, hii kitu iko na mchanga ndani?"

Nilicheka, ila alikuwa amenipata. Kivumishi "-changa" kikiandamana na nomino ya ngeli ya U-I huwa "mchanga", na msomaji anaweza kudhani ni ule wa ufuoni. "Mtoto mchanga" hatusumbui kwa kuwa tumemzoea.

Mama hakuishia hapo. "Na mvinyo si ile kali ya kupikwa?"

Yeye ni Mwislamu, hajaionja, lakini anaijua historia ya mtaa wake. Enzi za ukoloni pombe kali iliyokenekwa na wanawake wa Kinubi ilivuma Nairobi hadi Waingereza wakaiita jini ya Kinubi. Neno "mvinyo" tulilitoa kwa Wareno, ambao "vinho" yao ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Kwetu likapanuka, likabeba hata vileo vikali. "Divai", lenye asili ya Kifaransa, halikutanga mbali na zabibu. Biblia ya Union inayo yote mawili: divai katika harusi ya Kana, mvinyo katika Waefeso. Anayeuza hawezi kupuuza tofauti hii. Divai aghalabu ina alkoholi asilimia 12 hadi 14, ilhali pombe ya kukenekwa huweza kupita 40.

Basi nikaandika "divai changa nyekundu". Ngeli ya I-ZI ikaufagia mchanga wote. Hata hivyo, "changa" lenyewe lina walakini. Mahindi machanga hayajakomaa, kwa hivyo mnunuzi atadhani divai imeepuliwa kabla ya wakati. Mtengenezaji anakusudia sifa: haikukaa miaka mingi pipani, inanywewa ikingali na harufu ya tunda. "Mpya" nalo? Litaeleweka kuwa bidhaa imeingia sokoni jana.

Nikajaribu "divai nyekundu ya mavuno ya mwaka huu". Rafiki yangu akanikumbusha kwamba Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Sasa kibandiko kinasema: "Divai nyekundu ya mavuno ya Agosti, inywewe mapema".

Nilimsomea mama kwa simu. "Hapo sawa," akasema. "Lakini chupa usilete kwangu."