Nani Aililie Tongoni?

Nje ya mji wa Kasongo wa leo, katika Maniema, mashariki mwa Kongo, pana mahali paitwapo Tongoni. Jina linajieleza: tongo ni makazi yaliyohamwa, yakabaki magofu. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na wa mwanawe Sefu, mpaka Aprili 1893, majeshi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, yakiongozwa na ofisa wake Dhanis, yalipouteka. Kabambare, ngome yao nyingine, ikafuata Januari 1894.

Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyefuatana na washindi, aliandika walichokikuta: magodoro ya hariri yaliyolaliwa hata na askari wa kawaida, vitanda vya kuchongwa, vyandarua, bustani ya michungwa. Aliyesoma Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya magofu ya mji wa Pate, atahisi amekwisha kuiona orodha hiyo. Mshairi naye alihesabu taa, vitanda na mito ya mabwana wa Pate. Ila yeye alihesabu akilia. Daktari alihesabu baada ya usingizi mnono.

Tippu Tip mwenyewe aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, tena kwa nathari; mwenye pembe za kupima hana muda wa kupima mizani. Safari, mali, nani kashindwa: shaka haina nafasi humo. Mfanyabiashara anayekiri kuwa hana hakika na hesabu zake amekwisha kufilisika.

Shaka ni kazi ya shairi. Lakini shairi la Tongoni haliwezi kuiga lile la Pate. Huko mshairi aliwalilia mabwana wa majumba. Huku, mjukuu wa mtekaji na mjukuu wa mateka mara nyingi ni mtu mmoja: anasali msikiti uleule, anasema Kingwana kilekile, Kiswahili cha huku, na mbele ya gofu hajui alie au ashukuru. Washindi nao walikuja na bendera ya kukomesha utumwa, kisha wakadai utomvu wa mpira kwa bunduki. Tangu hapo wakombozi hawajaadimika Maniema: waasi wa Simba mwaka 1964, majeshi ya 1996, ya 1998. Kila kundi lilikuta watu wangali wakijiuliza juu ya lililotangulia.

Al-Inkishafi inauliza wako wapi, na jibu linajulikana: kaburini. Mtunzi wa Kasongo anaanza na swali gumu zaidi: katika wale waliolala humo, wetu ni wepi?